Swichi ya Rivasi na Mguu wa Baba

Gari la baba liliegeshwa kila siku kwa namna ambayo majirani waliiona ni ukaidi mtupu. Aliliingiza uani pua mbele, akalisogeza mpaka bampa ikakaribia kugusa ukuta wa jikoni, na kesho yake ikambidi kulitoa kinyumenyume kupitia geti jembamba mpaka barabarani. Walimshauri aligeuze jioni ili asubuhi atoke kirahisi. Baba alicheka tu. Alisema kwenda mbele hata toroli linakwenda ukilisukuma. Dereva anajulikana kwenye rivasi. Wanafunzi wake wote walianzia hapo uani, wakitoka kinyumenyume huku jasho likiwatiririka, nami nikiwatazama kutoka barazani kwa raha zangu.

Alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu neno hilo lilikuwa haliishi kinywani mwake. Mtu angepanda mtaro, angegonga ndoo za mama, angezima gari katikati ya geti huku malori yakimpigia honi, baba asingepandisha sauti. Angesema, "Taratibu. Rudia." Basi, hakuna lingine. Mimi ningekuwa nimeshawashusha kwa kuwavuta masikio. Mimi ni fundi cherehani, na subira yangu inaisha uzi unapokatika mara ya pili. Cherehani yangu iko barazani, inatazamana na gari lile, kwa hiyo haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na machache ambayo sikuyaona niliyasikia, maana uani kwetu hata kikohozi hakifichiki.

Usahaulifu ulimjia kidogo kidogo. Alimuuliza mama swali moja asubuhi, akalirudia mchana kana kwamba ndiyo kwanza limemjia. Mara mbili tatu aliniita kwa jina la mdogo wake aliyekwisha kufa. Mama akawa anamkingia kifua: amechoka, hakulala vizuri, na nyinyi nanyi mnapiga kelele mno. Kisha siku moja akatoka na gari kwenda kumchukua mwanafunzi, na jua likaelekea kuzama bila yeye kurudi. Alirudishwa na mtu tusiyemjua, ambaye alimkuta mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, injini inaunguruma, akimuuliza kila mpita njia kama amemwona binti mmoja aliyepaswa kufika kwenye somo. Binti huyo alishamaliza masomo yake, akaolewa, na sasa ana wajukuu.

Tulimpeleka hospitali, na daktari akatuita pembeni, akatuambia waziwazi kwamba huu haukuwa uzee tu bali ugonjwa, kwamba ungezidi, na kwamba mzee asiendeshe tena. Tukaitikia kwa vichwa kama watu wenye akili, tukarudi nyumbani, hakuna aliyemwambia baba. Wiki haikuisha, baba akatoka getini kinyumenyume bila hata kutazama nyuma, yeye aliyewafundisha mamia kutazama nyuma, akaiangusha baiskeli ya muuza mayai. Ute ukatapakaa barabara nzima. Muuza mayai alikuwa amesimama kando, hakuumia. Lakini nyuma yake kulikuwa na mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni, na yule mama aliruka mtaro kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Baba alishuka, akayatazama mayai, akauliza nani ameyamwaga.

Ndipo tukakaa kikao. Kaka yetu mkubwa alihudhuria kwa simu, kama kawaida yake. Ni hodari wa kutoa amri akiwa mbali. Alisema gari liuzwe. Mimi nikasema tufiche ufunguo, mambo yaishe. Mama alikuwa akichambua mchele wakati wote huo, na tulipomaliza kujitia ubingwa akaweka ungo chini.

"Ule ufunguo umekaa kwenye mfuko wa shati lake kabla nyinyi hamjazaliwa," alisema. "Mkiutoa, nielezeni mtaweka nini pale."

Kaka akasema mtandao unasumbua, akakata simu.

Aliyekuja na wazo ni dada yangu. Yeye ni fundi umeme wa magari, ana karakana yake ya mabati nyuma ya stendi, na ukimpa gari lililoshindikana atalizunguka akipiga mluzi mpaka ugonjwa ujitaje wenyewe. Mimi alinipa jina, Sindano, kwa sababu ya kazi yangu na kwa sababu ya mdomo wangu. Alisema hatutachukua ufunguo. Baba atabaki nao mfukoni, ataamka, atawasha gari lake kama siku zote. Ila gari halitakubali kurudi nyuma. Na kwa kuwa mbele kuna ukuta, gari lisiloweza kurudi nyuma haliendi popote.

Mama alitaka kuelezwa, maana yeye hatii saini jambo asilolielewa. Dada akamweleza kwa lugha ya jikoni. Kwenye giaboksi, alisema, kuna swichi ndogo, haizidi kidole gumba, imefungwa kama skrubu. Ukiweka gia ya rivasi, chuma cha ndani kinaibonyeza, na umeme unapita. Swichi yenyewe haina akili. Ni kama mtoto anayetumwa jikoni kusema mgeni amefika: mgeni ni nani, amefuata nini, yeye hajui, kazi yake ni kufikisha habari. Habari hiyo ikifika nyuma, taa nyeupe zinawaka. Ikifika kwenye kengele, inalia ti, ti, ti, watu wasogee. Ikifika kwenye kile kioo cha kamera ambacho dada mwenyewe alikifunga mwaka jana kama zawadi, na ambacho baba alikifunika kwa kitambaa akisema mwanadamu amepewa shingo, picha inatokea. Sasa yeye angeongeza njia moja tu. Habari ileile ingefika pia kwenye relei ndogo, na relei hiyo ingekata umeme wa injini.

"Kwa hiyo ataona gari bovu," mama alisema.

Dada akasema ndiyo, ataona gari bovu. Atamwita yeye, naye atasema kuna kipuri kinasubiriwa, kinatoka mbali. Baba atasubiri, kusubiri ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, kwenye kiti cha pembeni, mguu wake ukiwa tayari juu ya breki ya mwalimu. Na katika kusubiri, pole pole, huenda hamu yenyewe ingemtoka. Mama alifikiri sana. Mwishowe akasema afadhali gari litukanwe kuliko yeye.

Kazi ilifanyika siku mama alipompeleka baba kupimwa macho. Mimi nilishika tochi. Nilimwona dada akilala kwa mgongo chini ya usukani, nywele zimefungwa kwa kitambaa, bisbisi mdomoni, na nakiri kwamba ilikuwa raha kutazama. Relei aliificha nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hata mkono wangu mwembamba haukufika. Waya alizipitisha pamoja na zile za zamani, akazifunga kwa tepu ya kitambaa iliyofifia, rangi ileile ya kiwandani. Kisha akaongeza kitu kimoja zaidi, na hiki ndicho kilichotuharibia. Alisema injini ikifa papo hapo gia inapoingia, Mwalimu Taratibu atagundua mara moja kwamba kuna waya umechezewa. Kwa hiyo akaweka kidude cha kuchelewesha, ili injini isife mpaka ipite pumzi moja, mguu wa klachi ukiwa umeshaanza kunyanyuka.

"Hata mimi nikiletewa gari hili," aliniambia akijifuta mikono, "litanitoa jasho."

Alikuwa amefurahi. Mtu akiipatia kazi yake hujisahau, hata mimi nikikata koti likakaa begani vizuri huwa sikumbuki linakwenda kuvaliwa kwenye msiba.

Kesho yake baba alikunywa chai, akapangusa kioo cha mbele kwa kitambaa chake kama kawaida, akaingia. Injini ikawaka mara moja. Mimi nilikuwa nimeinamia cherehani, najifanya nashona, na ndani ya jikoni mama alikuwa ameacha kuosha vyombo. Gia ikaingia. Taa nyeupe zikawaka, kengele ikaanza ti, ti, ti, gari likatikisika kidogo kama linataka kuondoka, likazima. Kengele iliendelea kulia kwa sababu ufunguo ulikuwa umefunguliwa bado. Baba akairudisha gia katikati, akawasha tena. Likazima tena.

Tulisubiri afungue boneti. Tulisubiri alitukane gari, aniite nimpigie dada yangu simu. Hakufanya hivyo. Aliinama akavuta kiti mbele kidogo, vile alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi wenye miguu mifupi.

Hapo hapo nilijua tumekosea, ila sikujua tumekosea nini. Nilikuja kuelewa siku ya pili, alipovua ndala zake na kuingia garini na viatu vya ngozi. Siku iliyofuata alivua hata hivyo viatu, akajaribu peku. Dada yangu ni mtu wa umeme. Kwake yeye gari likizima, kuna mahali umeme umekatika. Lakini baba maisha yake yote alikaa na watu wanaojifunza, na kwake yeye gari linalozima mara tu linapotaka kuondoka halina siri yoyote. Ni mguu. Dereva ameachia klachi kwa pupa. Ni kosa la siku ya kwanza, kosa la mtu ambaye hajawahi kushika usukani, na alikuwa amelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba hakuwa na haja ya kufungua boneti kulitafuta.

Ndipo akaanza kujifundisha. Kila asubuhi, baada ya chai. Nilimsikia kupitia dirisha la gari lililo wazi, sauti yake ileile ya upole, akimfundisha mwanafunzi ambaye hakuwapo pembeni. Klachi chini mpaka mwisho. Ingiza gia. Sikiliza injini. Sasa nyanyua, taratibu, taratibu, usiogope. Kisha ti, ti, ti, na gari linazima.

"Rudia," alisema baba.

Akarudia. Likazima. Akarudia tena.

Siku moja aliniita. Nilikuwa na vazi la harusi mezani, nikaliacha hivyohivyo. Aliniomba nichuchumae pembeni mwa mlango nimtazame mguu, kwa sababu yeye akiwa juu hawezi kuuona na mimi nina macho ya mshono. Nikachuchumaa. Akawasha gari, akaweka rivasi, akaanza kunyanyua mguu. Wallahi ule mguu ulinyanyuka kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Haukuruka, haukutetemeka. Ulikuwa mguu wa mwalimu. Na injini ikafa.

Akaniuliza kama nimeona ulivyoruka. Nikasema sikuona vizuri, baba, jua linanipiga machoni. Akaniambia nisimwonee haya, yeye mwenyewe amehisi ulivyoruka. Akalibonyeza goti kwa vidole, polepole, kama anaulizia maumivu. Nilirudi barazani nikashona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Wiki hiyo hiyo akapita dereva mmoja wa lori, mwanafunzi wake wa zamani, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuamsha mtaa. Alisimamisha lori nje ya geti, akaja kumpa mkono, akasema mwalimu wangu, nimesikia gari linazima, nisaidie kulitoa? Baba akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Akasema hapana, anapasha injini moto tu, leo hana safari. Dereva akaondoka akipiga honi ya heshima. Baba alibaki kwenye kiti, akisubiri lori lipotelee kabisa. Kisha akawasha. Likazima.

"Mjinga wewe," alisema.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Mtu huyu hakuwahi kumwita mwanafunzi mjinga. Kulikuwa na mmoja aliyeuvunja ukuta wa jikoni, ufa wake upo mpaka leo, na baba alimwambia tu kwamba leo tumejifunza breki iko wapi. Sasa alikuwa akisema tena na tena, kwa sauti ya chini, mjinga wewe, mjinga mkubwa wewe, na kila akisema alijipiga kibao pajani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akarudi ndani. Nilimsikia akilia huku amefungulia bomba ili tusimsikie.

Nikampigia dada simu na nikamtolea maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia hiyo pumzi moja yake, hicho kidude chake cha kuchelewesha, kimemgeuza mzee kuwa mwanafunzi anayefeli kila siku mbele ya nyumba yake mwenyewe. Alijitetea. Alisema ni ugonjwa, si waya. Alisema mimi najua nini kuhusu magari, nishike sindano zangu. Nikamwambia aje amsikilize. Alikuja asubuhi iliyofuata, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni mahali baba asipoweza kumwona, akasikia somo zima tangu klachi chini mpaka mjinga wewe. Alipogeuka hakuwa na ubishi wowote tena. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

Tulizungumza watatu kule nyuma, karibu na kamba za nguo. Dada alitaka kukitoa kile kidude siku hiyo hiyo. Mama akauliza, na barabara je? Na yule mama mwenye mtoto mgongoni je, ataruka mtaro mara ngapi? Alikuwa na haki. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Tulikuwa tumemkwepa baba kwa kila njia, alisema, isipokuwa njia ya kumwambia. Basi aambiwe. Aambiwe mambo mawili kwa pamoja: kwamba mguu wake ni mzima, haujawahi kuwa na kosa, na kwamba hata hivyo asiendeshe tena, kwa sababu anasahau njia, na anasahau watu walio nyuma yake. La pili lingemuuma. Lakini angeumia akiwa bado Mwalimu Taratibu, na mguu wake angebaki nao.

Dada alisema atamwambia yeye, kwa kuwa ndiye aliyefunga. Nilimheshimu kwa hilo. Ila fundi ni fundi. Fundi hamwiti mwenye gari kazi ikiwa imefumuliwa. Anamaliza kwanza, anafuta alama za vidole, ndipo anaita. Baba alipolala mchana, dada aliingia chini ya usukani, akatoa relei, akatoa kidude cha kuchelewesha, akaunganisha waya kama zilivyokuwa mwanzo. Alijaribu mara moja kwa kugusisha waya, bila ufunguo wala kuwasha injini: gia ndani, taa zikawaka, kengele ikalia. Akaridhika. Akapanga vile vipande viwili juu ya boneti, kwenye kitambaa safi, na baba alipoamka akamshika mkono kumleta.

Mama aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Mimi niliacha kushona kabisa.

"Baba," dada alisema, "mguu wako hauna kosa. Ni mimi. Nilifunga hivi vitu kwenye waya wa swichi ya rivasi. Kila ukiweka rivasi, hivi ndivyo vilivyokuwa vinazima gari. Si wewe."

Baba alivitazama vile vipande. Alikiokota kimoja, akakigeuza, akakirudisha mahali pake palepale juu ya kitambaa. Kisha akamtazama dada, na uso wake ukalegea kwa upendo, upendo kabisa, sijui niuelezeje.

"Una moyo mzuri, mwanangu," alisema. "Tangu mdogo."

Dada akasema hapana, baba, nisikilize, nakwambia ukweli. Baba akampigapiga begani. Alisema amefundisha watu wengi, na anajua vile mtu anavyotaka kumwambia mwenzake maneno ya kumpoza anaposhindwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia gari hili limezeeka, klachi yake ni nzito, si kosa lako. Walikuwa wanafurahi. Lilikuwa si kweli, lakini walikuwa wanafurahi.

Sasa dada alianza kuhangaika. Akamwomba aingie ajaribu mwenyewe, ataona sasa hivi, gari halitazima. Baba akautazama mlango wa gari uliokuwa wazi. Nilimwona akipeleka mguu nyuma nusu hatua. Alikuwa anaogopa. Baba yangu, mbele ya watoto wake, alikuwa anaogopa gari lake mwenyewe lisizime tena huku tukimtazama.

"Jaribu wewe," alisema. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa ufunguo, akampa.

Dada akaingia. Alikuwa na haraka ya kumthibitishia, alitaka tu baba aone. Injini ikawaka. Gia ikaingia, taa nyeupe zikaangaza bati la geti, kengele ikalia ti, ti, ti, na gari likaanza kurudi nyuma laini, bila mtikisiko, mpaka mkia ukafika getini. Akakanyaga breki. Injini iliunguruma vizuri kabisa, kama siku liliponunuliwa. Dada akageuza uso kumtazama baba, na nadhani wakati ule ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya.

Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu aliyokuwa akiyatarajia.

"Umeona?" alimwambia. "Gari halina kosa lolote."

Dada alipiga kelele kwamba atavirudisha, atavifunga tena sasa hivi, baba akae hapo hapo aone gari likizima mikononi mwake yeye. Baba akainama dirishani, akamwambia aache. Akasema asiliharibu gari zima kwa ajili ya kumfurahisha mzee. Na lile jambo la pili, la kusahau njia na kusahau watu, hakuna aliyepata nafasi ya kulisema, wala halikuhitajika tena. Alipita mbele ya mama, akamwomba radhi kwa kelele za asubuhi zote zile, akaingia ndani.

Mama aliinuka akamfuata. Dada alibaki kwenye usukani, mguu juu ya klachi, mkono juu ya gia, hataki kuitoa rivasi. Kengele ililia, ililia, mpaka watu wa barabarani wakasimama kando kupisha gari, nami nikaenda nikapitisha mkono dirishani, nikauzima ufunguo.